Rivolva ya Mama na Shati Langu la Kazini

Leo nimechaniwa shati na watu waliodhani nakufa. Sikuwa nakufa. Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, mikono kisogoni, ndani ya jumba la kulengea shabaha hapa Fort Worth, mbele ya mama yangu mzazi na watu wanane wenye silaha.

Ninaandika haraka kwa sababu Mama ameshatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Dakika nne na nusu. Wengi wenu, vijana wenzangu, mama zenu wamo humo. Afadhali mlisikie jambo hili kutoka kwangu, kwa mpangilio wake, kuliko kulisikia jikoni likiwa limeongezwa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Mama anaishi peke yake tangu Baba alipofariki. Anafanya kazi ya usiku, anahudumia wazee wa watu, na mchana ndipo analala. Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, mtaa mzima ukiwa kazini, mtu alipiga teke mlango wake wa nyuma. Mara tatu. Mama alikuwa kitandani. Alikaa, akafungua mdomo ili apige kelele, na kilichotoka ni wimbo wa kanisa. Akauimba beti zote. Yule mtu akaenda zake. Mlango ukabaki na ufa kwenye fremu, na Mama tangu siku hiyo halali vizuri. Polisi walikuja, wakaandika, wakaaga.

Jioni ile aliniuliza swali moja. "Papa, si urudi kulala hapa?" (Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume papa. Niliwahi kuuliza kwa nini. Sikujibiwa.)

Mimi nakaa Plano, karibu na ofisi. Nimeajiriwa na kampuni ya bima, na kazi yangu ni kukadiria hatari: nyumba ipi itaungua, gari lipi litagongwa, paa lipi litabebwa na upepo. Basi nilimjibu Mama kama ninavyomjibu bosi wangu. Nilimweleza foleni ya asubuhi. Nilimweleza mkataba wa chumba changu. Nilimuuliza ana ushahidi gani kwamba mimi kulala pale kungemzuia mtu yeyote kupiga mlango teke saa nne asubuhi, wakati mimi ningekuwa kazini. Hoja ilikuwa nzuri. Hata sasa naiona nzuri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Basi nitanunua bastola."

Nilimuuliza ya nini. Ataiweka wapi. Nani atamfundisha. Itakuwaje akiamka na usingizi machoni na aliyeingia ni jirani. Maswali yote hayo aliyajibu kwa sentensi moja: "Weye ulisema hurudi."

Mnanijua. Siwezi kuacha kitu kifanyike ovyo. Nikasema kama ni lazima inunuliwe, inunuliwe kwa akili. Nikatengeneza jedwali. Safu kumi na tatu: uzito, urefu wa mtutu, ukubwa wa risasi, ugumu wa kifyatulio, urahisi wa kusafisha, na kadhalika. Nilisoma majuma mawili. Nilisoma mpaka nikaota mitutu.

Mama hakuhitaji majuma mawili. Yeye alishaamua kwamba anataka rivolva, ile ya kizamani yenye silinda inayozunguka. "Ile risasi unaziona kwa macho," alisema. "Zile zingine zinaficha." Nikafungua jedwali ili nimkosoe, nikakuta amekaribia kuwa sahihi. Hizi bastola za siku hizi risasi hukaa ndani ya mpini, na moja ikikwama lazima ujue kuikwamua. Rivolva isipolia, unafyatua tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Kwa mtu aliyetolewa usingizini na teke la mlango, mambo ya kukumbuka ni machache. Jambo hilo liliniudhi. Sikumwambia.

Basi leo Jumamosi nimemfuata kwake asubuhi. Nilivaa shati langu la kazini, lile la bluu, nikijua kwenye maduka ya silaha mtu huhukumiwa kwa mavazi. (Nilikuwa na hoja hata ya shati.) Mama akatoka amevaa kitenge cha kuimbia kwaya, viatu vya kanisani, na mkononi kopo kubwa la maandazi.

"Maandazi ya nini?"

"Tunaenda kwa watu."

"Tunaenda dukani, Mama."

"Dukani hakuna watu?"

Ndani ya gari akaanza habari ya kitambaa. Hili lazima niwaeleze, ingawa wengi mnalijua. Siku niliyoondoka nyumbani kwenda chuo, Mama alinipa kitambaa cha upako: kitambaa cheupe cha mkononi, kimeombewa na mchungaji na kupakwa mafuta, na yeye mwenyewe akakidarizi jina langu, Wilondja, kwa uzi mwekundu. Kikulinde, alisema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimesoma vitabu viwili. Nikamwambia pamba haina imani. Nikamuuliza kama mafuta yale yana nguvu, mbona mchungaji anafunga mkanda garini.

"Kile kitambaa changu kiko wapi, papa?"

"Nilishakuambia, Mama. Kilipotelea kwenye mashine ya kufulia. Zamani."

"Mashine ilikula kitambaa."

"Huwa zinakula soksi pia."

"Mm," akasema Mama, akageukia dirisha.

Jumba lenyewe liko upande wa magharibi wa mji, kati ya duka la matairi na kanisa dogo. Mbele ni duka, nyuma ni sehemu ya kupigia, na katikati kuna kioo kinene. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mzee mwenye kofia pana atakayetuuliza tunatoka nchi gani. Aliyekuwa kaunta ni Mkenya. Jina lake Mutua, Mkamba wa Machakos, miaka kumi na miwili Texas, buti za wachunga ng'ombe, mkanda una bamba kama sahani ya chai.

"Nimewasikia tangu mlangoni," akasema. "Nikajua hao ni wangu. Karibu, mama."

"Bwana asifiwe."

"Amina, mama."

"Umekula?"

Mutua akala maandazi mawili amesimama. Mama akanitazama kidogo, kuhakikisha nimeona.

"Sasa, mama anatafuta nini leo?"

"Rivolva," nikajibu mimi. "Ya kulindia nyumba, na ya kufanyia mazoezi hapa. Nina jedwali."

Mutua akatazama simu yangu, akamtazama Mama. "Mama amepoteza sauti?"

Mama akacheka. Nikaweka simu mfukoni, kwa muda.

Alipoonyeshwa kabati la kioo, Mama alichagua kwa macho ile ndogo kuliko zote, nyepesi, yenye mtutu mfupi kama kidole gumba. Mutua akaitoa, akaifungua, akamwonyesha kwamba ni tupu, akajionyesha mwenyewe, kisha akampa.

"Hii inadanganya watu, mama. Unaona ni kitoto, unasema itakuwa mpole. Hii ukiipiga inaruka kama mbuzi amefungwa kamba. Na mtutu mfupi hivi, kulenga ni shida. Hii ni ya mtu anataka kuificha kwa mfuko. Wewe unataka kuificha?"

"Hapana. Nataka ikae nyumbani. Na nije hapa kujifunza."

"Basi chukua yenye uzito." Akatoa nyingine, chuma kitupu, mtutu wa inchi nne. "Uzito ndio unameza lile teke. Na hii inakula risasi aina mbili, zile kali na zile pole. Wewe utatumia zile pole. Kali tuachie vijana." Akanitupia jicho.

"Ni hesabu tu," nikasema. "Msukumo ni uleule, lakini ukiugawanya kwa uzito mkubwa, kasi ya kurudi nyuma—"

"Boss, umewahi kupiga?"

"Nimesoma."

"Umesoma."

"Sana."

"Anasoma huyu," Mama akamwambia Mutua, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wa ukoo. "Hata paketi ya chumvi anasoma nyuma."

Mutua akamwambia aelekeze mtutu ukutani na avute kifyatulio, aone kama vidole vinaweza, maana kwenye rivolva huwa kigumu. Mama akavuta mara moja. Akavuta tena. Silinda ikazunguka taratibu, klik, klik. Miaka yote hii anageuza wazee vitandani na kukanda unga.

"Ni kama kukamua kitenge," akasema.

Nikauliza maswali yangu. Itafungiwa kwenye kisanduku gani. Ufunguo ukae wapi. Risasi ikipita ukuta wa mbao inafika wapi. Anapotoka kazini amechoka anaruhusiwa kuigusa? Mutua alijibu yote bila kukasirika, na mengine alijibu vizuri kuliko nilivyosoma. Mwisho akaniuliza yeye.

"Na kelele je? Huko ndani ni kelele, boss. Watu wengine wanashtuka."

Nikamwambia, mbele ya Mama, maneno ambayo sasa hivi yamo kwenye ule ujumbe wa sauti: "Sauti ni mawimbi ya hewa tu."

Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. (Nilidhani ananistaajabia.)

Tukaandika majina kwenye daftari la wageni (mimi Wilo, kwa kifupi), tukapewa miwani na vile vizibo vikubwa vya masikio. Mutua akachukua rivolva ya kuazima, ya aina ileile ya inchi nne. Tukapita milango miwili mizito, na wakati huo kwa bahati hakuna aliyekuwa akipiga. Watu walikuwa wanabadilisha karatasi zao za shabaha. Mutua akampeleka Mama kwenye kibanda cha tatu. Mimi nikaambiwa nisimame nyuma ya mstari mwekundu.

Akamfundisha polepole. Risasi sita, moja moja. Funga. Mtutu mbele siku zote. Kidole nje mpaka uwe tayari. Ukimaliza, au nikisema simama, fungua silinda, toa zote, iweke chini, mtutu mbele, rudi hatua moja. Mama alirudia kwa Kiswahili chake kila hatua, kama anavyokariri dawa za wazee wake.

Kisha Mutua akasema jambo kuhusu namna ya kusimama, na nilikuwa nimesoma tofauti. Sikumsikia vizuri. Nikainua kizibo kimoja cha sikio ili nimsahihishe.

Hapo ndipo jamaa wa kibanda cha pili alipopiga.

Sina kumbukumbu ya kuanguka. Ninakumbuka kusimama, na ninakumbuka shavu langu likiwa kwenye saruji baridi, maganda ya risasi yakinichoma mbavuni. Katikati hapana kitu.

Wengi wenu mlikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama mimi, lakini wengine mlizaliwa hukohuko, basi nieleze. Nilikuwa na miaka mitano, bado tuko Fizi, Kongo, vitani. Baba alitufundisha jambo moja kama watu wengine wanavyofundisha watoto kuvuka barabara. Ukisikia mlio, chini. Tumbo chini, mikono kisogoni, mdomo wazi kidogo. Na sharti la mwisho, alilolirudia kuliko yote: ukiitwa jina, usiitike. Hata sauti uwe unaijua. Palikuwa na watu kijijini kwetu walioitika. Unabaki hivyohivyo mpaka Mama akuguse kisigino mara mbili na kukuambia, "Wamepita."

Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kuliuliza. Naona ndilo jambo pekee maishani nililofundishwa nikalikubali lote.

Mutua alipogeuka akaona mtu wake yuko chini baada ya mlio wa risasi, alifanya kazi yake sawasawa. Alipaza sauti wote wasimamishe. Taa nyekundu zikawaka. Silaha zote zikawekwa chini. Halafu akaja mbio, akapiga goti, akaniita.

"Wilo! Boss! Umepigwa? Wilo!"

Sikuitika.

Naomba mnielewe. Nilimsikia. Sehemu moja ya kichwa changu, ile iliyosoma chuo, ilikuwa inajua kabisa kwamba huyu ni Mutua, amekula maandazi yetu, anataka jibu. Sehemu nyingine ilikuwa na miaka mitano, na ndiyo iliyokuwa imeshika mdomo. Kadiri alivyoniita ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Nilinyamaza kwa ustadi.

"Hajibu," Mutua akawaambia watu. "Hajibu!"

Kutoka kibanda cha mwisho akatokea bibi mmoja Mmarekani, nywele nyeupe, muuguzi mstaafu, ambaye kwa bahati yangu mbaya hatembei bila mkoba wa huduma ya kwanza. Wakanigeuza chali. Mikono yangu ikarudi kisogoni yenyewe. Bibi akasema kwa Kiingereza cha upole kabisa kwamba nisiogope, anatafuta tu tundu lilipo, na akatoa mkasi.

Shati la bluu lilikwenda kwa mkato mmoja, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Fulana ya ndani ikafuata. (Mkasi mzuri sana. Sijawahi kuona mkasi kama ule.)

Na hapo, ndugu zangu, juu ya moyo wangu, kimebanwa kwa pini kwenye kipande cha fulana, kikaonekana kitambaa cheupe. Kina doa la mafuta. Kimedariziwa Wilondja kwa uzi mwekundu.

"Ana bandeji tayari," bibi akawaambia wenzake. "Kuna kidonda cha zamani hapa."

Akakifunua kwa vidole viwili. Akatazama chini yake. Akakuta ngozi nzima. Watu wanane, wote bado na vizibo masikioni, walikuwa wameinama duara wakitazama kifua cha mtu mzima ambaye hana hata mkwaruzo.

"Hii ni nini?" bibi akauliza.

Najua mnajiuliza Mama alikuwa wapi muda wote huu. Mama alikuwa kwenye kibanda cha tatu. Mutua alisema simama, basi alifuata taratibu. Alifungua silinda. Akatoa risasi zote sita, moja moja. Akaiweka chini, mtutu mbele. Akarudi hatua moja. Ndipo akaja kumwokoa mwanawe.

Akafika. Akanitazama kifuani. Akakiona.

"Hiyo ni yangu," akamwambia yule bibi, kwa Kiingereza chake.

Kisha akazunguka mpaka miguuni kwangu, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya magoti, akanigusa kisigino. Mara mbili.

"Papa," akasema taratibu. "Wamepita."

Nikaamka. Nikakaa. Nikawaambia wote kwa Kiingereza safi kwamba niko salama, samahani kwa usumbufu. Kwao ilionekana kama yule mama wa Kiafrika amemfufua mtu kwa kumgusa soksi. Jamaa wa kibanda cha pili alivua kofia yake. Yule bibi akamuuliza Mutua kwa sauti ya chini huyu mama anatoka kanisa gani.

Mama akafungua kitenge chake cha juu, kile cha pili anachojifunga juu ya gauni, akanifunika mabegani, akakifunga fundo mbele kama ananipeleka kliniki. Ndivyo nilivyotoka. Kupitia milango miwili mizito, kupitia dukani, mbele ya wateja, mtu wa futi sita amevaa maua ya kijani na maandishi ya kwaya.

Kaunta palikuwa na fomu. Kila tukio lazima liandikwe, Mutua alisema, hata mtu akijikwaa. Alijaza jina, saa, kibanda. Akafika penye sababu ya kuanguka, kalamu ikasimama.

"Niandike nini, boss?"

"Andika niliteleza."

"Usiandike uongo," Mama akamwambia. "Andika mazoea."

Mutua akamtazama Mama, akanitazama mimi na kitenge changu. Sijui kwao Wakamba wana mazoea gani. Hakuuliza. Akaandika mazoea kwa Kiingereza, akapiga mstari chini, akanipa niweke sahihi. Nikaweka. Ni mara ya kwanza nasaini karatasi bila kuisoma.

"Mama," Mutua akasema, "si lazima urudi ndani leo. Utakuja siku nyingine."

"Nitarudi sasa," Mama akasema. "Nilikuja kupiga."

Mimi nikabaki kwenye benchi upande wa pili wa kioo. Nilimwona akiingia kibanda cha tatu. Nilimwona akipakia. Nilimwona akiinua kile chuma, mgongo umenyooka. Alipopiga ya kwanza, mabega yake yalipanda mpaka masikioni, akakaa hivyo muda mrefu, na Mutua hakumgusa wala hakumharakisha. Kisha yakashuka. Akapiga zilizobaki moja moja, na kabla ya kila moja nilimwona midomo ikitembea. Sijui alikuwa anaomba au anakariri hatua.

Alitoka na karatasi yake. Matundu manne. Risasi mbili hazijulikani zilikoenda. Akaikunja vizuri kama cheti.

"Umefanya poa, mama," Mutua akasema. "Hiyo inchi nne inakufaa. Nikuandikie?"

"Bado. Nimejua naweza. Sasa nataka kufikiri."

Akamwachia kopo zima la maandazi. Mutua akatusindikiza hadi kwenye gari, na kabla hajafunga mlango wa Mama akaniambia, kwa sauti ambayo Mama asingeisikia, kwamba fremu yenye ufa haihitaji bastola, inahitaji bamba la chuma kwenye kitasa na skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao za ukuta. "Hiyo unaweza kusoma," akasema.

Tukashika barabara kuu.

"Mawimbi ya hewa," Mama akasema.

Nikalipita lori.

"Na mashine ya kufulia ina kinywa."

"Mama, naomba."

Halafu nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua tangu pale sakafuni. Nilimuuliza imekuwaje yeye hakulala chini. Mafunzo alikuwa nayo yeye kabla yangu. Miaka ile yeye ndiye aliyekuwa anatulalia juu.

"Miye nilitaka kulala," akasema. "Magoti yalishakunja. Halafu nikakuona weye umeshalala. Nikasema, mmoja wetu abaki amesimama."

Niliendelea kuendesha. Kulikuwa na jua usoni, basi macho yakawa yanatoa maji. (Jua la Texas. Mnalijua.)

"Sasa sikia," akasema. "Nimepiga ile kitu. Naiweza. Lakini nikiwa nyumbani nikapiga, na weye uko chumba cha pili, nitafanya nini? Nitamtazama mwizi, ao nitakuja kukugusa kisigino? Siwezi yote mawili."

"Mimi nakaa Plano, Mama. Nani amesema nitakuwa chumba cha pili?"

"Kitambaa," akasema Mama. "Anayekificha kifuani hajaondoka nyumbani."

Nina jedwali la safu kumi na tatu. Nimepima uzito wa chuma, urefu wa mtutu, nguvu ya kidole. Hakuna safu hata moja inayouliza watu waliomo ndani ya nyumba watafanya nini kitu hicho kikilia. Kazini ningefukuzwa kwa kosa kama hilo.

Tulipita duka la vifaa vya ujenzi. Nilinunua bamba mbili na skrubu za inchi tatu nikiwa nimevaa kitenge, na mhudumu wa pale aliniambia kimenipendeza. Nimemaliza mlango saa kumi na moja jioni. Nimeupiga teke mara tatu mwenyewe, na Mama akiwa jikoni akaanza kuimba kwa makusudi. Umeshika. Mguu wangu ndio haujashika vizuri.

Sasa nimekaa kwenye kile chumba kidogo chenye cherehani na magunia ya mchele, kwenye godoro nililoliacha nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimemwandikia bosi wangu kuuliza kama naweza kufanya kazi kutoka nyumbani siku tatu kwa wiki, asubuhi, Mama akiwa amelala. Hajajibu. Foleni bado ni ileile, na mkataba wa chumba changu nitauvunja au utanivunja. Habari ya rivolva haijafungwa. Mama ameibandika karatasi yake yenye matundu manne kwenye friji, na anasema atarudi kwa Mutua kujifunza, maana hataki kitu cha kuogopa kikae duniani bila yeye kukijua. Nimeshindwa kupata hoja dhidi ya hilo.

Kitambaa amekichukua, amekifua, amekianika bafuni. Ameniambia kesho nikivae, na safari hii nisiseme uongo.

Kesho ni Jumapili. Mtaniona kanisani, safu ya nyuma, shati jeupe, maana la bluu halipo tena. Picha yangu na kitenge mtakuwa mmeshaiona, maana Mama aliipiga na ameshaituma kundini. Naomba asiwepo wa kunipiga bega kwa nyuma, wala wa kudondosha kitabu cha nyimbo kwa makusudi. Mengine siwezi kuwazuia. Chekeni, basi. Ila mmoja wenu abaki hajacheka.